Kujiombea karatasi Marekani bila mume au mke anayekutesa

"Karatasi zako ninazo mimi." Anayemtamkia mwenzake maneno hayo anajua kwamba mwenzake alifika Marekani kwa mgongo wake: kwa viza ya ndoa, kwa viza ya uchumba, au kwa ombi ambalo bado halijajibiwa. Tangu mwaka 1994 sheria ya Marekani imempokonya silaha hiyo. Sheria hiyo hujulikana kwa kifupi chake, VAWA (Violence Against Women Act, yaani sheria dhidi ya ukatili kwa wanawake). Inampa anayeteswa haki ya kujiombea ukaazi wa kudumu yeye mwenyewe, bila saini ya mtesaji na bila mtesaji kuarifiwa. Jina la sheria linataja wanawake, lakini wanaume wanaoteswa na wake zao wanaitumia pia, na vilevile watoto na wazazi.

Hapa tunaeleza namna ombi hilo linavyoandaliwa, linavyoharibika, na njia nyingine zilizopo kwa asiyeingia kwenye VAWA. Haya hayachukui nafasi ya wakili. Yatakusaidia kufika kwa wakili ukiwa na karatasi sahihi mkononi, na mara nyingi hapo ndipo kesi inapopata nguvu au kulegea.

Kabla ya karatasi yoyote: simu na mahali pa kulala

Wengi hugunduliwa kupitia simu kabla hata hawajajaza fomu. Kama simu alikununulia yeye, au mnatumia akaunti moja ya Google au ya Apple, chukulia kwamba anaona unachotafuta na mahali ulipo. Fungua WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama kuna kompyuta usiyoijua. Ukiikuta, tafakari kwanza kabla ya kuiondoa, kwa sababu kuiondoa ghafla kunamwambia kwamba umeshtuka. Njia tulivu ni kutumia kompyuta ya maktaba ya mtaa, kufungua barua pepe mpya yenye nywila ambayo si tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na kuwaachia wakili na idara ya uhamiaji barua pepe hiyo tu.

Hatari ikiwa mlangoni, piga 911. Huhitaji kueleza kwa Kiingereza: taja anwani, kisha sema "Swahili", nao watatafuta mkalimani. Kwa ushauri, simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233. Ni ya bure, hupokelewa saa 24, na ina wakalimani. Asiyeweza kuongea kwa sauti anatuma neno START kwenda 88788. Watu hao hawaulizi karatasi zako, na ndio wanaojua nyumba za hifadhi zilizo karibu na jimbo lako.

Mahakama ya jimbo nayo inaweza kutoa amri ya ulinzi, yaani amri ya kumkataza mtesaji kukukaribia au kukupigia. Huhitaji hadhi ya uhamiaji kuiomba. Mara nyingi hakimu hutoa amri ya muda siku hiyo hiyo baada ya kusikia upande wako peke yako, kisha hupanga siku ya kusikiliza pande zote mbili. Siku hiyo usikose, maana usipofika amri hufa. Nakala yake ni ushahidi mzito katika faili la uhamiaji, lakini kutokuwa nayo hakukuzuii kuomba.

Nani anaingia kwenye VAWA

Swali la kwanza la wakili litakuwa: anayekutesa ni nani kisheria? Lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu mwenye grini kadi. Mkongo aliyekuja kama mkimbizi na baadaye akapata grini kadi anahesabika. Aliye na viza ya masomo au ya kazi, au asiye na karatasi kabisa, hahesabiki, na mwenzake atafute mojawapo ya njia zilizo mbele katika maelezo haya.

Swali la pili ni uhusiano wenu. Wanaoruhusiwa ni mke au mume wa mtesaji. Mtoto wake ambaye hajafunga ndoa na yuko chini ya miaka 21. Na mzazi anayeteswa na mwanawe aliye raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Kundi hili la mwisho husahauliwa. Kuna akina bibi walioitwa kutoka Kisumu au Mwanza kuja kulea wajukuu, wakanyang'anywa pasipoti na kufungiwa ndani na wana wao wenyewe. Sheria inawahusu. Mtoto aliyepita 21 anaweza bado kuomba kabla ya kufika 25, akionyesha kwamba mateso ndiyo sababu kubwa ya kuchelewa kwake. Na mke ambaye yeye mwenyewe hakuguswa, ila mtoto wake ndiye aliyeteswa na mume, anaweza kuomba.

Aliyekuja kwa viza ya uchumba ana sharti moja kubwa: ndoa. Kama hamkufunga ndoa na yule aliyekuita, VAWA haikufungukii hata kama ulikaa naye mwaka mzima.

Talaka haifungi mlango papo hapo. Ukishaachika una miaka 2 tangu siku hukumu ya talaka ilipotoka, na uonyeshe kwamba kuachana kwenu kunahusiana na mateso. Hati ya talaka yenyewe si lazima iyataje. Miaka 2 hiyo haina nyongeza. Siku ikipita, imepita. Ni hiyo hiyo miaka 2 kwa mtesaji raia aliyefariki, na kwa mtesaji aliyepoteza uraia au ukaazi wake kwa sababu ya tukio la ukatili wa nyumbani. Talaka inayotoka baada ya ombi kuwasilishwa haiharibu kitu. Kuolewa tena au kuoa tena kabla ombi halijakubaliwa huliua ombi. Ndugu wa nyumbani wanaoharakisha posa mpya kwa nia njema waelezwe hili mapema. Baada ya kukubaliwa, ndoa mpya haina tatizo.

Ndoa zetu na mtego wa ndoa ya zamani

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili hukwama zaidi ya wengine, basi twende polepole.

Idara ya uhamiaji, USCIS, huuliza kama ndoa ilikuwa halali pale ilipofungwa, na kama ndoa zote za nyuma, zako na zake, zilikwisha kisheria kabla ya hii. Nikaha, ndoa ya kanisani, ndoa ya bomani na ndoa ya kimila zote zinaweza kuwa halali, mradi sheria ya nchi ile iliitambua na una hati. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Tanzania Bara, nakala ya cheti cha ndoa hupatikana RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kongo, ndoa ya kimila huandikishwa ofisi ya hali ya kiraia ya komini. Picha za mahari peke yake hazitoshi kuthibitisha uhalali, ingawa zina kazi nyingine tutakayoieleza.

Talaka za nyuma zina shida yake. Mwanamke aliyepewa talaka kwa mdomo miaka kumi iliyopita, bila karatasi, mbele ya idara bado ana mume wa kwanza. Tanzania Bara talaka inakamilika kwa hukumu ya mahakama, na Kenya Waislamu hupitia Mahakama ya Kadhi. Tuma ndugu unayemwamini afuatilie hati hiyo mapema, kwa sababu faili lililofungwa zamani huchukua muda kupatikana. Usidanganye kwenye fomu kwamba hukuwahi kuolewa. Maelezo yako ya zamani, tangu ubalozini Nairobi au Dar es Salaam ulikoombea viza, yamo kwenye faili.

Je, ukigundua kwamba mume alikuwa na mke mwingine tangu mwanzo? Marekani haitambui ndoa ya pili katika mambo ya uhamiaji, hata kama dini na nchi yako zinaitambua. Lakini sheria ilimfikiria aliyedanganywa: kama mlifunga ndoa kwa sherehe halisi, nawe uliamini kwamba ni ndoa halali, na kilichoiharibu ni mke mwingine wa mtesaji, bado unaweza kuomba. Aliyeingia akijua kwamba ni mke wa pili hana msamaha huo.

Mambo matano ya kuthibitisha, na karatasi zake

Ombi linaandikwa kwenye Fomu I-360, na halina ada. Kipimo cha ushahidi wake ni cha huruma kuliko maombi mengine: idara inatakiwa kuzingatia ushahidi wowote unaoaminika. Kwa hiyo karatasi ikikosekana kwa sababu imefichwa na mtesaji, unaeleza kwa nini huna na unaleta mbadala. Kueleza ni lazima. Pengo lisiloelezwa humfanya afisa aandike barua ya kudai ushahidi zaidi, au akatae.

Kwanza, uhusiano na hadhi ya mtesaji: cheti cha ndoa, hati za talaka za nyuma, na nakala ya pasipoti yake ya Marekani, cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha uraia au grini kadi yake. Huna? Mpe wakili jina lake kamili, tarehe na mahali alipozaliwa, na namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A kama uliwahi kuiona. Idara inaweza kutafuta kwenye kumbukumbu zake yenyewe. Ukiwa bado ndani ya nyumba na ni salama, piga picha karatasi hizo, zitume kwenye ile barua pepe mpya, kisha uzifute kwenye simu.

Pili, kwamba ndoa ilikuwa ya nia njema. Mkataba wa pango wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, ritani ya kodi, bima, vyeti vya watoto. Mtesaji anayeshika fedha zote mara nyingi hakukuweka jina lako popote, na hilo lenyewe lielezwe kama sehemu ya mateso. Kisha lete yale ya kwetu: picha na video za nikaha au harusi, orodha ya michango kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, picha za kupeleka mahari, za ruracio au za sendofu, ujumbe wa kipindi cha uchumba, risiti za M-Pesa alizokuwa akikutumia kabla hujasafiri, mihuri ya pasipoti aliyokuja nayo kukuona. Afisa asiyejua kamati ya harusi ni nini aelezwe kwa sentensi mbili. Akishaelewa kwamba ukoo mzima ulichanga fedha kwa miezi kadhaa, ataona kwamba haikuwa ndoa ya kununua karatasi. Kama uliwahi kufunga ndoa ya uongo huko nyuma, mwambie wakili ukweli wote, maana ndoa ya uongo ikithibitika hufunga milango ya maombi ya familia kwa maisha.

Tatu, kwamba mliishi pamoja. Taja anwani na tarehe za kuingia na kutoka, hasa za kipindi cha ndoa. Barua za shule ya mtoto, bili ya umeme, kadi ya hospitali, leseni ya udereva, hata bahasha iliyofika kwa jina lako, zote zinasaidia. Kosa la kawaida ni tarehe za fomu kugongana na za maelezo yako ya kiapo. Chora jedwali moja la tarehe kabla ya kujaza chochote, na kila karatasi ilinganishwe nalo.

Nne, mateso. Sheria inataja kipigo au ukatili uliokithiri, na huo wa pili hauhitaji alama mwilini. Vitisho vya kukurudisha kwenu, kukunyang'anya pasipoti, kukulazimisha tendo la ndoa, kukufungia ndani, kukukataza kazi au kukuchukulia mshahara wote, kukuzuia kuongea na mama yako, kutishia kuchukua watoto, kuvunja vitu mbele yako: vikiwekwa pamoja vinajenga sura moja ya utawala wa hofu. Ripoti ya polisi si sharti. Zinazotumika ni rekodi za hospitali, picha zenye tarehe, amri ya ulinzi, barua ya nyumba ya hifadhi, tathmini ya mtaalamu wa afya ya akili, na barua za mashahidi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa Kiswahili una uzito mkubwa. Hifadhi sauti yenyewe, andika maneno yake kama yalivyotamkwa, kisha yatafsiriwe.

Kwetu ugomvi wa ndoa hupelekwa kwanza kwa wazee, kwa mshenga, kwa mchungaji au kwa shehe. Kikao kile ni ushahidi. Aliyekaa kwenye usuluhishi aandike aliitwa lini, nani alisema nini, mume alikiri nini, na baada ya hapo kilitokea nini. Wengine watakataa kwa kuogopa aibu ya ukoo. Usiwalazimishe, ila ieleze idara kwamba kikao kilikuwepo na kwa nini barua haipo.

Tano, tabia njema ya miaka 3 kabla ya kuomba. Inahitajika cheti cha polisi au cha jimbo kutoka kila mahali ulipoishi miezi 6 au zaidi katika kipindi hicho, pamoja na nchi za nje. Kwa Kenya ni cheti cha "Good Conduct" cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinachoombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Kwa Tanzania, jeshi la polisi hutoa cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Kama uliwahi kukamatwa, hata kama ni yeye aliyekusingizia kwa polisi na nyote mkafungwa pingu siku moja, leta hukumu ya mahakama kamili. Na kama kesi ya jinai bado inaendelea, usikubali kosa lolote kabla wakili wa uhamiaji hajaongea na wakili wako wa jinai. Kosa linaloonekana dogo mahakamani linaweza kukuzuia uhamiaji.

Maelezo ya kiapo

Ushahidi wote ni nguzo, na paa lake ni maelezo yako mwenyewe. Afisa hakuoni uso. Kwa kawaida ombi la I-360 huamuliwa kwa kusoma karatasi tu. Maelezo ya nusu ukurasa yanayosema "alinipiga mara nyingi na kunitukana" hayamwonyeshi kitu.

Andika kwanza kwa Kiswahili, hata kama Kiingereza unakijua. Mtu hueleza maumivu yake kwa usahihi zaidi katika lugha aliyotukanwa nayo. Anza mlipokutana na kwa nini ulimpenda. Usiruke hapo, maana hiyo ndiyo nia njema ya ndoa. Kisha harusi, kisha nyumba mliyoishi: vyumba vingapi, nani alilala wapi, nani alinunua chakula. Kisha mara ya kwanza alipobadilika. Kisha chagua matukio matatu au manne mazito na uyaeleze moja moja: ilikuwa wapi, kabla au baada ya sikukuu gani kama tarehe huikumbuki, alisema maneno gani, alishika nini, mkono ulitua wapi, watoto walikuwa chumba gani, ulifanya nini kesho yake. Matusi yaandikwe kama yalivyo. Adabu yetu hutufanya tuseme "aliniambia maneno mabaya". Afisa anahitaji maneno yale yale, na mfasiri aeleze uzito wake.

Mambo ya chumbani ni magumu kuliko yote. Wengi wamelelewa kuamini kwamba mume hawezi kumbaka mkewe, hivyo hawayataji kabisa. Kulazimishwa ndani ya ndoa ni mateso kwa sheria hii. Kama huwezi kuyasema mbele ya mkalimani mwanamume au anayekufahamu, omba mwingine. Una haki hiyo, na mkalimani kutoka mji mwingine kwa njia ya simu mara nyingi ni salama zaidi kuliko mtu wa jumuiya yenu.

Usiongeze chumvi. Kama hakukupiga, sema hakukupiga, ueleze alichofanya. Kama hukumbuki mwezi, andika "karibu na". Na kama katika mahojiano ya awali ya grini kadi ulisema ndoa iko salama kwa sababu yeye alikuwa ameketi kando yako, lieleze wazi. Usipolieleza litaonekana kuwa uongo.

Kila hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili, pamoja na maneno ya mfasiri yaliyosainiwa kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Si lazima awe mfasiri wa serikali, lakini ni bora asiwe wewe wala ndugu yako.

Kutuma, na kusubiri

Pakua toleo la fomu lililopo kwenye tovuti ya uscis.gov wiki hiyo hiyo. Toleo la zamani hurudishwa, na fomu isiyo na saini hurudishwa pia. Anwani ya kutuma hubadilika, kwa hiyo isome hapo hapo. Tuma nakala, asilia ubaki nazo, na faili zima lipigiwe nakala moja ya kubaki kwa wakili au kwa mtu wako wa kuaminika, si nyumbani. Fomu ina sehemu ya anwani salama ya barua: weka ya wakili, ya shirika linalokusaidia, au ya sanduku la posta ambalo yeye hana ufunguo wake. Ukihama una siku 10 za kuiarifu idara, kwa utaratibu uliowekwa kwa waombaji wanaolindwa. Barua ya kudai ushahidi zaidi ina tarehe ya mwisho isiyosogezwa, na kuikosa kwa sababu bahasha ilienda nyumba ya zamani ni mojawapo ya namna za kusikitisha zaidi za kupoteza kesi nzuri.

Sheria ya usiri, kifungu cha 8 U.S.C. 1367, inawakataza maofisa kumpa mtu asiyehusika habari za ombi lako, na inawakataza kukukatalia kwa kutegemea maneno ya mtesaji peke yake. Ofisa anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 kwa kila kosa. Mtesaji akipiga simu kuchongea, maneno yake hayatoshi.

Baada ya risiti, huja barua inayosema kwamba kwa mtazamo wa awali ombi lina msingi. Hiyo bado si kibali, ila inaweza kufungua baadhi ya misaada. Uamuzi wenyewe huchukua miaka, si miezi, basi panga maisha kwa hesabu hiyo.

Mtesaji akiwa raia, mke, mume, mzazi au mtoto wa chini ya 21 anaweza kutuma Fomu I-485 ya grini kadi pamoja na I-360, na kuomba kibali cha kazi wakati anasubiri. Akiwa mkaazi wa kudumu tu, mwombaji hupanga foleni ya viza. Lakini kama aliwahi kukutumia ombi la familia, tarehe ya ombi lile la zamani unaweza kuibeba. Mwombaji wa VAWA hahitaji mdhamini wa kipato, na hata aliyeingia nchini bila kukaguliwa mpakani anaweza kumalizia mchakato akiwa ndani ya Marekani. Watoto wako wasiofunga ndoa walio chini ya miaka 21 huingia kwenye ombi la mke au mume. Mzazi anayeomba hana nafasi ya kuongeza mtu. Ada za fomu nyingine zina misamaha kwa waombaji hawa, na kuna Fomu I-912 ya kuomba kusamehewa.

Usisafiri nje. Hata msiba ukitokea nyumbani, ongea na wakili kwanza. Aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 akitoka anaweza kufungiwa nje miaka 3. Mwaka mmoja na zaidi, miaka 10. Wala usitume wala kupeleka watoto Afrika kimya kimya. Shauri la malezi likiwa mahakamani, kitendo hicho kinaweza kugeuzwa kosa lako.

Ombi likikataliwa na huna hadhi nyingine, unaweza kuitwa mahakama ya uhamiaji. Ndiyo maana faili lililoandaliwa nusu nusu ni hatari kuliko kusubiri wiki sita zaidi ulikamilishe, isipokuwa kama miaka 2 ya talaka inakaribia kwisha. Hapo tuma ulicho nacho, na mengine yafuate.

Ambaye VAWA haimfikii

Mwenye grini kadi ya miaka 2 iliyotokana na ndoa hahitaji I-360. Anatumia Fomu I-751 na kuomba asamehewe saini ya mwenzake kwa sababu ya mateso. Ombi la pamoja husubiri siku 90 za mwisho za kadi, lakini hili la msamaha linaweza kutumwa wakati wowote.

Aliyeteswa na mtu yeyote, awe na karatasi au asiwe nazo, ndoa iwepo au isiwepo, anaweza kuwa na haki ya hadhi ya U, ambayo ni ya waathirika wa uhalifu, kama alisaidia polisi au mwendesha mashtaka katika uhalifu uliotokea. Fomu ni I-918, na kiambatisho B lazima kisainiwe na polisi, mwendesha mashtaka au hakimu ndani ya miezi 6 kabla ya kutuma. Saini hiyo ndiyo kikwazo kikubwa, kwa kuwa afisa halazimishwi kuitoa. Nafasi ni 10,000 kwa mwaka na foleni ni ndefu mno.

Wasichana wa kazi walioletwa na wanadiplomasia au na matajiri, wakafanyishwa kazi usiku na mchana huku pasipoti zimefungiwa, waulize kuhusu hadhi ya T, ya waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, Fomu I-914. Wake na waume wanaoteswa na wenzao walio wafanyakazi wa balozi, wa mashirika ya kimataifa na wa viza za H wana kibali cha kazi cha pekee kwa Fomu I-765V. Hakitoi grini kadi, ila kinampa mtu mshahara wake mwenyewe wa kuondokea.

Aliyekwisha kufikishwa mahakama ya uhamiaji anaweza kumwomba hakimu afute amri ya kumwondoa, chini ya masharti ya VAWA: awe amekaa Marekani miaka 3 mfululizo, awe na tabia njema, na aonyeshe dhiki kubwa itakayompata yeye au mtoto wake. Njia hii inamfikia pia mzazi wa mtoto aliyeteswa ambaye hakuwahi kufunga ndoa na mtesaji. Kama hujui una kesi au huna, piga 1-800-898-7180 ukiwa na namba yako ya A. Kuna watu waliohukumiwa bila kuwepo kwa sababu mume alificha barua ya wito.

Nani akuandikie

Wakili mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Basi. Katika baadhi ya nchi zetu notari ana mamlaka makubwa ya kisheria, lakini notari wa Marekani anathibitisha saini tu, na mwenye duka la kutuma fedha anayejaza fomu kwa dola mia tatu hatakuwepo barua ya kukataliwa ikifika. Mashirika mengi ya msaada wa sheria hushughulikia VAWA bure. Uliza mambo matatu siku ya kwanza: ameshawasilisha kesi ngapi za I-360, nani atakutafsiria, na barua zitaenda anwani ipi. Kama mume alimlipa wakili wa familia kwa ombi lenu la kwanza, wakili huyo asiwe wako.

Pasipoti iliyochukuliwa na mtesaji hutolewa nyingine na ubalozi wako Washington. Rekodi ya kuingia kwako nchini, I-94, huchapishwa bure kwenye tovuti ya idara ya mipaka. Nakala ya faili lako zima la uhamiaji unaweza kuidai serikalini kwa sheria ya uhuru wa habari. Iombe mapema, kwa sababu humo ndimo utakapoona mume alisema nini juu yako miaka iliyopita.

Grini kadi ikishatoka kwa njia ya VAWA, aliyeteswa na mume, mke au mzazi aliye raia anaweza kuomba uraia kwa Fomu N-400 baada ya miaka 3, bila kuwa bado anaishi naye. Wengine husubiri miaka 5.